Daktari wa Kiatu cha Chuma

Kila jioni pale kwetu Mchikichini, nyuma ya nyumba ya jirani, kuna vijana wananyanyua vyuma. Naviita vyuma kwa heshima tu. Ukweli ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba la maji, pamoja na ekseli moja ambayo hakuna anayejua ilitoka kwenye gari gani. Wanahesabu kwa sauti mpaka kumi, wanapumzika, wanaanza tena, wanapumzika, wanamalizia ya tatu. Ukiwauliza kwa nini seti ziwe tatu na kwa nini iwe mara kumi, watakuambia ndivyo ilivyo, dada. Na mimi ningejibu hivyo hivyo kabla ya goti langu.

Kumbe hizo tatu za kumi zina mwenyewe. Anaitwa Thomas DeLorme, daktari wa Kimarekani aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 2003, karibu kabisa na mwaka niliozaliwa mimi. Huku kwetu jina lake halijulikani mtaani, lakini kwa watu wa fiziotherapia ni kama Nyerere kwa walimu: hata asiyesoma maandishi yake anafuata alichokianzisha. Nimemsoma mwezi mzima badala ya kusoma kozi zangu, na sababu ni goti, kwa hiyo acha nianze na goti.

Mimi nasoma ualimu, mwaka wa tatu, na nacheza netiboli, nafasi ya C. Anayeijua netiboli anajua kwamba ukishadaka mpira huruhusiwi kukimbia nao. Unatakiwa usimame hapo hapo wakati mwili mzima bado unataka kwenda. Siku hiyo nilidaka, nikasimama, mguu ukabaki na goti likaenda. Nilisikia mlio kama wa kijiti kikavu. Ilikuwa ligamenti ya mbele ndani ya goti, ile ambayo watangazaji wa mpira wakiitaja kwa herufi zake tatu, ACL, mashabiki wa Msimbazi na wa Jangwani wote wanashika vichwa.

Upasuaji ulifanyika baada ya michango ya ukoo na baada ya mama kutoa mtaji wake. Mama anauza mitumba pale Karume. Kwa miezi ile hakufungua belo jipya hata moja, alikuwa anauza masalia. Hakuwahi kunilalamikia, lakini mimi na yeye tunajua kwamba operesheni ya pili haipo. Goti hili likikatika tena, limekatika.

Daktari mmoja aliniambia nitarudi uwanjani baada ya miezi sita. Nikaizungushia tarehe kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, ile ya duka la simu. Mwezi wa tano goti halikuwa linauma. Nilitembea bila kuchechemea, nikagombania daladala kama zamani. Kocha wetu alishaniweka kwenye kikosi cha mashindano ya vyuo. Nilijiona nimepona, na kila aliyeniangalia aliniona nimepona.

Halafu nikaenda kwenye fiziotherapia. Mtaalamu anayenihudumia, mama mmoja mpole ila hana mchezo, akanikalisha kwenye mashine ya zamani ya kunyooshea goti. Akatafuta uzito ambao mguu mzima unaweza kuuinua mara kumi, na ya kumi na moja ikatae. Ulikuwa kilo 20. Akahamia mguu wa operesheni. Ulikuwa kilo 11. Akachukua kalamu, akagawanya, akaandika 55. Mimi nikasema moyoni, mbona chuoni 55 ni kufaulu? Yeye akanieleza kwamba wataalamu wengi leo hawamruhusu mchezaji arudi kwenye michezo ya kukata kona na kuruka kabla ya kufika walau asilimia 90 ya mguu wa pili, na kabla ya miezi 9 kupita. Tena ni yote mawili kwa pamoja, huchagui moja.

Nikakasirika. Nikamuuliza ni nani aliyeanzisha haya mambo ya kupima mguu kwa kilo. Ndipo akanitajia DeLorme.

Alizaliwa Alabama, kusini mwa Marekani. Akiwa kijana wa sekondari aliugua homa ya rumatiki. Tusiione kama ugonjwa wa wazungu wa zamani. Ni ile homa inayoanzia kwenye koo la mtoto na kuishia kwenye vali za moyo, na hadi leo inalaza watoto wengi katika hospitali zetu. Enzi hizo dawa yake kubwa ilikuwa kitanda. DeLorme alilazwa miezi kadhaa bila kuruhusiwa kujichosha, na alipoamka alikuwa kijiti. Ushauri aliopewa ulikuwa aishi maisha ya taratibu, aulinde moyo, asijitume.

Yeye akafanya kinyume. Alikuwa amevutiwa na habari za wanyanyua vyuma, akaamua kujijenga. Vyuma vya dukani vilikuwa na bei yake, basi akajitengenezea vya kwake kutokana na magurudumu ya treni yaliyotupwa. Hapo niliweka kitabu chini nikacheka. Kutoka kwetu Mchikichini mpaka Gerezani, kwenye reli na mafundi wa vyuma chakavu, ni mwendo wa kutembea. Nilipopita na magongo yangu kwa Baba Mdogo, ambaye ni fundi wa kuchomelea hapo hapo Gerezani, nilikuwa nalala njaa ya matumaini mbele ya lundo la dawa.

Inabidi tukumbuke kwamba wakati ule madaktari wengi waliuogopa mchezo wa vyuma. Waliamini moyo utapanuka na misuli itakakamaa mpaka mtu ashindwe kujikuna mgongoni. Kijana aliyeambiwa moyo wake ni mbovu, akanyanyua magurudumu ya treni na akapata nguvu, alikuwa na sababu ya kutokuamini kila kilichosemwa. Lakini hakuishia kwenye ubishi, kama wanavyoishia wengi wetu. Alikwenda Chuo Kikuu cha Alabama, kisha akasomea udaktari New York, na vita kuu ya pili ikamkuta ni daktari wa jeshi.

Jeshi lilimpeleka Chicago, kwenye hospitali ya Gardiner. Jengo lenyewe lilikuwa hoteli ya kifahari kando ya ziwa Michigan kabla ya jeshi kulichukua. Jina lilitokana na Ruth Gardiner, nesi wa jeshi aliyekufa kwenye ajali ya ndege huko Alaska mwaka 1943. Nimefurahi kidogo kwamba hadithi hii ya misuli ya wanaume imefanyika ndani ya nyumba yenye jina la nesi.

Mwishoni mwa vita hospitali za jeshi zilifurika. Vitanda vilijaa wanajeshi wenye mifupa iliyovunjika na magoti yaliyopasuliwa, na tatizo halikuwa upasuaji. Upasuaji ulikwisha kufanyika. Tatizo lilikuwa kwamba baada ya upasuaji watu walikaa hospitalini miezi na miezi, na wengine waliondoka bado goti linawaangusha.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo hata mimi sikuliamini mpaka nilipoliona kwenye mguu wangu. Ukipasuliwa goti, msuli wa mbele wa paja unayeyuka kama barafu. Sababu si kulala peke yake. Goti likivimba, neva za kwenye kiungo hutuma taarifa kwenye uti wa mgongo, na amri ya kukaza ule msuli inapunguzwa nguvu njiani. Wiki ya kwanza nilijaribu kukaza paja langu, nikaliangalia, halikutikisika. Akili inasema kaza, paja limenuna. Msuli wenyewe haujakatwa na mtu, lakini umezimwa. Usipoamshwa kwa makusudi, utatembea, utacheka, utapanda daladala, na huku unaubeba mguu mmoja kwa hila za mguu wa pili.

Tiba ya wakati ule ilikuwa mazoezi mepesi yanayorudiwa sana. Unaendesha baiskeli isiyokwenda popote, unavuta kamba yenye kifuko chepesi cha mchanga, mara mia, mara mia mbili. Waliogopa kuliumiza goti kwa uzito mkubwa. DeLorme aliangalia hayo akiwa na akili ya mnyanyua vyuma. Aliona kwamba kuna nguvu na kuna stahamala, na ni vitu viwili. Kurudia jambo jepesi mara nyingi kunampa mtu stahamala. Kubeba kizito mara chache kunampa nguvu. Kimoja hakizai kingine, na msuli uliokauka unahitaji nguvu kwanza.

Basi akaanza na askari waliokuwa na magoti yaliyofanyiwa upasuaji. Kifaa chake kilikuwa kiatu cha chuma: soli nzito inayofungwa kwa mikanda juu ya kiatu cha kawaida, yenye kipande cha fimbo kupita chini yake ili kuchomeka sahani za uzito. Mgonjwa anakaa ukingoni mwa meza, mapaja yameegemea, miguu inaning'inia, ananyoosha goti taratibu mpaka mwisho, anashusha taratibu. Ni hicho tu.

Kiatu chenyewe fundi yeyote wa Gerezani anaweza kukitengeneza kabla ya adhana ya adhuhuri. Kilichokuwa kipya kwa DeLorme ni daftari. Kwa kila mgonjwa alitafuta uzito mkubwa kabisa ambao mguu unaweza kuuinua mara moja tu, na ule ambao unaweza kuuinua mara kumi na si zaidi. Uzito wa mara kumi ndio uliokuwa wa mazoezi, na wa mara moja ulionyesha nguvu yote iliyopo. Kila wiki alipima upya, akaandika, na uzito ukapanda kufuatana na kilichoandikwa. Mwanzoni aliwapa seti nyingi mno, saba mpaka kumi, kila moja ya mara kumi. Fikiria mara mia moja, na kiatu cha chuma mguuni.

Matokeo yalikuja kwa wiki badala ya miezi. Mapaja yalijaa, na magoti yaliyokuwa yanateguka njiani yakatulia. Mwezi Oktoba 1945, vita imekwisha juzi tu, alichapisha makala yake katika jarida la Kimarekani la upasuaji wa mifupa na viungo, akieleza namna ya kurudisha nguvu za misuli kwa mazoezi mazito. Alikuwa na miaka kama 28 hivi. Kwa umri huo baadhi yetu tutakuwa bado tunasubiri ajira portal.

Nataka nikae kidogo kwenye lile daftari, kwa sababu mimi ni mwanafunzi wa elimu na upimaji ndiyo kozi iliyonitoa jasho. Upimaji wa misuli haukuanza na DeLorme. Miaka ya 1910 huko Marekani, Robert Lovett wa Boston na wenzake, akiwemo mtaalamu wa mazoezi Wilhelmine Wright, walikuwa wanapima misuli ya watoto waliopooza kwa polio. Walitumia mkono wa mpimaji na pia mizani ya springi. Kutokana na kazi za namna hiyo tulipata ngazi ambayo hadi leo madaktari wanaitumia, kuanzia 0 hadi 5. Ukipata 0 msuli haushtuki kabisa. Ukipata 3 unaweza kuinua kiungo dhidi ya uzito wake wenyewe. Ukipata 5 umeshinda mkono wa daktari.

Ngazi hiyo imefanya kazi kubwa, na hapa Afrika Mashariki pia. Miaka ya 1960 Profesa Ronald Huckstep alikuwa Kampala, Makerere na Mulago, akihangaika na watoto wa polio ambao magoti yalikunjamana wakawa wanatambaa. Aliyanyoosha magoti, akabuni vyuma vya kufunga mguuni vya bei nafuu vilivyotengenezwa kwa vitu vinavyopatikana huku huku. Kwa mtoto wa namna hiyo, kutofautisha msuli wa 2 na msuli wa 3 ni kutofautisha atakayetambaa na atakayesimama.

Lakini mchezaji mwenye goti lililoungwa, yeye anapata 5 mapema sana. Mimi nilipata 5 mwezi wa tatu. Mkono wa mama yule wa fiziotherapia haukuweza kulishinda paja langu, na huku kumbe nina nusu tu ya nguvu. Ni mtihani ambao ukifika juu haukutenganishi tena na wengine, kila mtu ana A. DeLorme alitoa kipimo kisicho na dari, kwa sababu chuma huwa kinaongezeka. Pia kipimo chake hakikumlinganisha askari na jirani yake wa kitanda cha pili. Kilimlinganisha na yeye wa wiki iliyopita. Tunafundishwa jambo hilo darasani kwa jina la upimaji endelevu, halafu tunapewa CA ya mara moja.

Baada ya vita alikwenda Boston, hospitali kuu ya Massachusetts, akafanya kazi na daktari Arthur Watkins. Mwaka 1948 walitoa mbinu iliyopunguzwa. Zile seti kumi waliona ni nyingi bila faida ya ziada, zikabaki tatu: mara kumi kwa nusu ya uzito wako wa mara kumi, mara kumi kwa robo tatu yake, mara kumi kwa uzito wote. Kama uzito wako ni kilo 12, unaanza na 6, unakuja 9, unamalizia 12. Hizo ndizo tatu za kumi za nyuma ya nyumba ya jirani yetu, zimefika Mchikichini bila pasipoti. Waliiita mbinu hiyo mazoezi ya ukinzani unaoongezeka. Mwaka huo huo walichapisha pia majaribio kwenye msuli wa paja wa wagonjwa wa polio, na mwaka 1951 kikatoka kitabu chao.

Kuna jambo waliliona ambalo limenisaidia sana. Walisema kwamba nguvu inayopanda haraka wiki za mwanzo haitokani na msuli kukua, inatokana na mwili kujifunza upya namna ya kuuamrisha msuli. Kwa hiyo futi ya fundi cherehani, ile niliyokuwa nazungushia paja kila asubuhi, haikuwa inanidanganya peke yangu. Wiki tatu mzunguko haukubadilika hata nusu sentimita, nikalia, na kumbe kwenye mashine nilikuwa nimeongeza kilo 3. Na kinyume chake kinawezekana: paja linaweza kuonekana limejaa na bado likawa dhaifu.

Si kwamba kila alichosema kilisimama. Mwaka huo huo wa 1951, Zinovieff wa Oxford aliigeuza ile mbinu, mgonjwa aanze na uzito mkubwa na kushuka, kwa sababu aliona watu wanafika seti ya tatu wakiwa wamechoka. Na kiatu cha chuma chenyewe kilikuwa na kasoro. Ukipumzika kati ya mara moja na nyingine, ule uzito unaning'inia na kulivuta goti kuelekea chini, na ligamenti inateseka. DeLorme mwenyewe alitengeneza meza maalumu ya mazoezi. Kwa ligamenti iliyopandikizwa kama yangu, wataalamu wa leo wanakuwa waangalifu sana miezi ya mwanzo na zoezi lile la kunyoosha mguu ukiwa umekaa, hasa kipande cha mwisho cha kunyoosha. Tafadhali msomaji usimalize kusoma hapa ukajifunge tofali mguuni.

Nasema hivyo kwa sababu mimi nilifanya karibu na hivyo. Nilimwonyesha Baba Mdogo picha ya kile kiatu, na kesho yake alikuwa amekichomelea: bamba la chuma, mikanda ya mkoba wa mitumba, na fimbo ya nondo. Tukaenda kukipima kwa muuza mchele wa soko la Ilala, ambaye kwanza alidhani tunamletea mzaha. Kilo 2 na nusu kikiwa kitupu. Nikakibeba kwenye rambo mpaka fiziotherapia. Yule mama alikigeuzageuza, akacheka mpaka akatoa miwani. Akaruhusu, kwa masharti: niweke kigoda chini ya kisigino ili mguu upumzike kila baada ya mara moja, nisinyooshe mpaka mwisho kabisa hadi aseme, na kila Jumamosi nipimwe kwake, si nyumbani. Boom lilikuwa limeisha na nauli ya kwenda kliniki mara tatu kwa wiki sikuwa nayo, kwa hiyo kiatu kile kiliokoa jahazi.

Kocha hakufurahi. Siku niliyompelekea habari za asilimia 55, alinikumbusha John Stephen Akhwari. Hakuna Mtanzania asiyeijua habari hiyo. Mexico, Oktoba 1968, mbio za marathoni, ameanguka, goti limefungwa bendeji, Mamo Wolde wa Ethiopia ameshamaliza zaidi ya saa nzima iliyopita, na Akhwari anaingia uwanjani akichechemea, mtu wa 57 na wa mwisho. Sikuwa na la kumjibu kocha siku ile. Nani anabishana na Akhwari? Baadaye nikiwa hosteli nilikumbuka kwamba mwaka 1970, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, Akhwari huyo huyo alikuwa wa tano kwenye marathoni, kwa saa 2 na dakika 15. Mbio hizo hazina picha kwenye kuta za madarasa yetu. Mtu hawezi kukimbia hivyo na goti bovu. Mahali fulani kati ya Mexico na Edinburgh goti lilipewa muda wake, na hicho kipande hatukisimulii.

Wiki chache baadaye nilifika asilimia 65, kilo 13 kwa 20. Halafu ikaja wiki ya mitihani, nikaugua malaria, nikalala siku tano. Jumamosi iliyofuata namba ilikuwa 72. Nilishangilia. Karibu nimpigie kocha. Yule mama akanionyesha daftari: mguu wa operesheni ulikuwa pale pale kwenye 13, ila mguu mzima umeshuka kutoka 20 hadi 18. Asilimia imepanda kwa sababu rula imefupishwa. Toka siku hiyo tunaandika kilo zenyewe kwanza, asilimia baadaye, na mguu mzima tunaulinganisha na ile 20 ya mwanzo, ingawa hata hiyo ilipimwa baada ya miezi mitano ya kukaa, kwa hiyo yenyewe huenda si nguvu yangu ya kweli. DeLorme hakuwa na tatizo hilo kwa sababu aliangalia chuma tu. Sisi tunaotaka asilimia ndio tunaojitafutia.

Mashindano ya vyuo yalichezwa mwezi wa saba wa goti langu. Niliyaangalia nikiwa mezani naandika magoli. Msichana aliyecheza nafasi yangu ni mwaka wa kwanza, ana mbio, na sitakataa kwamba roho iliniuma zaidi alipocheza vizuri kuliko alipokosea. Tulitolewa nusu fainali. Kwenye basi la kurudi kuna mtu alisema kwa sauti kwamba kama C angekuwepo tungepita. Nilijifanya nimelala.

Jumamosi hii nimefikisha miezi minane na nimeinua kilo 17. Ni asilimia 85 ya ile 20. Muhula ujao naenda TP, kwenye shule yenye ghorofa mbili na uwanja wa netiboli wa vumbi, na nimeshaulizwa kama nitaweza kuwafundisha mabinti wa kidato cha pili. Mama amefungua belo la kwanza wiki iliyopita, la magauni ya watoto. Kiatu cha chuma nimekikuta jana kiko nyuma ya nyumba ya jirani. Mmoja wa wale vijana ameumia goti kwenye ndondo, amekifunga mguuni na anahesabu mpaka kumi, bila kigoda. Nimemnyang'anya, nikamwandikia kwenye karatasi jina la kliniki na siku ambazo yule mama huwa zamu.